Kutoka kiwanda cha vinanda hadi mpunga wa Mbarali: historia ya kujifunza urubani ukiwa chini

Siku hizi Igawa, wilayani Mbarali mkoani Mbeya, ikitajwa, inatajwa kwa sababu ya barabara. Hapo ndipo unapoanzia mpango wa njia nne wa kilomita 218 hadi Tunduma, na kila anayesafiri kati ya Iringa na Mbeya anausubiri kwa hamu. Anga la Igawa halina anayelisemea. Hata hivyo, katika mashamba ya mpunga ya bonde la Usangu, makundi ya ndege waharibifu aina ya kweleakwelea wakivamia, mkulima hutazama juu kusubiri ndege ya kunyunyiza sumu, na miaka ya karibuni droni nazo zimeingizwa katika vita hiyo. Swali ni nani atazirusha, na atajifunzia wapi bila kuzivunja.

Jibu lina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani, na inaanzia kwenye kiwanda cha vinanda.

Katika mji wa Binghamton, jimbo la New York, Marekani, familia ya Link ilitengeneza vinanda vinavyopigwa kwa nguvu ya hewa. Kijana wao Edwin Link alipenda urubani, lakini masomo yalikuwa ghali na mwalimu hakuwa tayari kumwachia usukani. Alichukua mivukuto, vali na pampu za vinanda vya baba yake, akaunda kijindege chenye mbawa fupi kilichofungwa juu ya kitako. Ukisukuma usukani, hewa iliingia kwenye mvukuto mmoja na kutoka kwenye mwingine, kijindege kikainama kama kinapinda angani. Mwaka 1929 kilikuwa tayari.

Wenye shule za urubani hawakukitaka. Waliokinunua ni wenye viwanja vya burudani, wakawatoza watoto sarafu ili wakipande. Kwa miaka kadhaa chombo ambacho kingeokoa maisha ya maelfu kikahesabiwa kuwa bembea.

Kilichobadilisha mambo ni ugomvi wa barua. Februari 1934 Rais Franklin Roosevelt, akidai kwamba mikataba ya kusafirisha barua kwa ndege ilitolewa kwa upendeleo, aliifuta na kulikabidhi jeshi kazi hiyo. Ilikuwa katikati ya baridi kali. Marubani wa jeshi, waliozoea kuruka mchana kweupe, wakatumwa usiku kwenye theluji na ukungu, wengi wao hawajui kuongoza ndege kwa kutazama saa za dashibodi peke yake. Vifo vikaanza hata kabla kazi haijashika kasi. Eddie Rickenbacker, rubani shujaa wa Vita Kuu ya Kwanza, alitamka hadharani kwamba hayo ni mauaji yaliyohalalishwa. Hadi barua ziliporudishwa kwa kampuni binafsi, zaidi ya watu kumi walikuwa wamepoteza maisha.

Hapo wakubwa wa jeshi wakamkumbuka mtengeneza vinanda. Inasimuliwa kwamba maofisa walikuwa wakimsubiri uwanja wa ndege wa Newark siku ya ukungu mzito, wakakata tamaa na kutaka kuondoka, wakidhani hakuna awezaye kutua. Link akatokea mawinguni, akatua salama. Mwaka huohuo jeshi likanunua vyombo sita, kila kimoja kwa dola 3,500. Vita Kuu ya Pili ilipoisha, zaidi ya 10,000 vilikuwa vimeshatengenezwa, na marubani wa mataifa mengi walikuwa wamepitia humo.

Nyanda za Juu Kusini za Tanzania nazo hazikuwa mbali na dunia hiyo ya ndege za barua. Mwaka 1932 kampuni ya Imperial Airways ya Uingereza ilifungua njia ya London hadi Cape Town, na ndege zake zilitua Dodoma, kisha Mbeya, kabla ya kuvuka kuingia Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka 1937 njia ikahamishiwa pwani kwa ndege za kutua majini, na Mbeya ikaachwa. Uwanja mpya wa ndege wa Songwe, karibu na Mbeya, ulifunguliwa Desemba 2012.

Helikopta za rimoti, zilizotangulia droni za mashambani, zilikuja baadaye. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mjerumani Dieter Schlüter alifanikiwa kurusha helikopta ndogo iliyotii mawimbi ya redio. Mwaka 1987 Yamaha ya Japani ikaleta R-50, helikopta isiyo na rubani ya kunyunyizia dawa mashamba, yenye uwezo wa kubeba kilo 20. Kazi yake kubwa ilikuwa kwenye mpunga, zao lilelile linalolisha Mbarali.

Shida ni kwamba helikopta haina huruma kwa anayejifunza. Kwa kawaida kijiti cha kushoto cha rimoti kinapandisha na kushusha na wakati huohuo kinageuza mkia; cha kulia kinainamisha mbele, nyuma na pembeni. Ukiongeza nguvu ya panga kuu, mwili unataka kuzunguka upande wa pili, na panga dogo la mkiani ndilo linalouzuia. Pua ikikuelekea, kushoto kunakuwa kulia. Kosa la sekunde moja, mapanga yanapiga ardhi na shafti inapinda.

Ndiyo maana miaka ya 1990 simuleta za kompyuta, programu zinazoigiza kuruka kama kilivyofanya kijindege cha Link, zilipokelewa kwa shangwe. Mwanafunzi anachomeka rimoti kwenye kompyuta, anaanza kuisimamisha helikopta hewani mkia ukimwelekea, kisha ubavu, mwisho pua. Ikianguka, anabonyeza kitufe na inarudi chini nzima. Hapati woga wa kweli wala upepo wa Usangu wa saa nane mchana, ila vidole vinazoea. Droni za leo, ingawa nyingi hujisawazisha zenyewe, zinamtaka mtu wa aina hiyohiyo siku mtambo unapogoma.

Kwetu hatua zimekuwa chache. Shule ya marubani ya Soroti, Uganda, iliyoanzishwa 1971, ilikuwa ya Afrika Mashariki nzima hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977. Zanzibar ilipimwa kwa droni kuanzia 2016 na vijana wa visiwani wakashiriki kuzirusha. Kurusha droni Tanzania kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) na idhini ya Wizara ya Ulinzi, na ni sawa, kwa sababu anga ni suala la usalama. Huko Tunduma, mwisho wa barabara hii hii ya Igawa, fundi mmoja aliwahi kugonga vichwa vya habari kwa kujiundia helikopta. Vipaji tunavyo. Tunachokosa ni mahali pa kuvilea, na hilo ni aibu yetu sisi watu wazima.

Simuleta haihitaji kibali cha anga, maana hakuna kinachopaa. Inahitaji kompyuta, rimoti, umeme na mwalimu. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kina wahandisi, vyuo vya ufundi vya VETA vina karakana, na Halmashauri ya Mbarali kule Rujewa ina wakulima wanaopoteza mpunga kwa kweleakwelea. Wakae meza moja, waanze na darasa moja Igawa. Samaki mkunje angali mbichi: vijana wa Usangu wafundishwe sasa, kabla droni za mashambani hazijawa nyingi na warushaji wake kutoka kwingine.