Gazeti la Mwenye Duka

Katika tarikhi ya uandishi wa habari nchini Tanganyika, heshima kubwa aghalabu hupewa Mambo Leo, jarida la kila mwezi lililotolewa Dar es Salaam na idara ya elimu ya serikali ya Waingereza tangu Januari 1923. Wala heshima hiyo si ya bure, maana ndimo mashairi ya Shaaban Robert yalimopata wasomaji, ndimo watu wa Tabora walimosoma habari za Lindi, za mvua na nzige na mazishi, na kila ajuaye kusoma akawasomea wasiojua, hata nakala moja ikatosha baraza zima. Kabla yake walikuwa wamekwisha kuona Msimulizi, lililoandikwa na wanafunzi wa misheni ya Kiungani, Unguja, tangu 1888, na Kiongozi, lililopigwa chapa Tanga katika zama za Wadachi. Lakini magazeti hayo yote bwana wake alikuwa ama padri ama serikali, na mwandishi wa barua, hata awe fasaha namna gani, alijua mpaka alioruhusiwa kufika: angeweza kujadili mahari, adabu za vijana na Kiswahili sanifu mwaka mzima bila ya kusumbuliwa, ilimradi asimwulize bwana shauri kodi imekwenda wapi.

Mtu wa kwanza kuuvuka mpaka huo kwa gazeti lake mwenyewe hakuwa msomi mwenye vyeo, wala hakuwa mzalia wa nchi. Erica Fiah alikuwa Muganda aliyefika Tanganyika pamoja na jeshi katika Vita Kuu ya Kwanza, akakaa Dar es Salaam, akafungua duka. Mwaka 1934 alianzisha chama cha kuwatetea Waafrika katika ustawi na biashara, na Novemba 1937 akatoa Kwetu, gazeti la kwanza la Kiswahili nchini humo lililomilikiwa na kuhaririwa na Mwafrika. Humo alinung'unikia mishahara midogo ya makarani, uchache wa shule, na ubaguzi wa rangi, kwa ulimi mkali ambao hata baadhi ya Waafrika wenzake waliuona umepita kiasi. Binafsi siuoni hivyo. Tukumbuke kwamba Baraza la Kutunga Sheria, lililoanzishwa 1926, halikuwa na Mwafrika hata mmoja hadi mwaka 1945, na wawili waliotiwa mwaka huo walikuwa machifu walioteuliwa na Gavana. Basi madhali raia hakuwa na kura, wala mjumbe, wala mlango wa kubisha, mahali gani pengine angeliweza kuisemesha dola mbele ya watu, ila katika ukurasa wa gazeti ambalo mwenyewe haogopi kuupoteza upendeleo wa wakubwa? Hiyo ndiyo kazi ya gazeti katika utawala wa watu, na ilifanywa Dar es Salaam kabla ya utawala wa watu kufika.

Waliomfuata waliilipia ghali zaidi. Mwafrika lilizaliwa 1957, likaisaidia TANU kwa nguvu zake zote, na mwaka uliofuata wahariri wake wawili, Robert Makange na Kheri Rashid Baghdelleh, wakatiwa kifungoni kwa shtaka la uchochezi. Mwaka huo huo wa 1958 Julius Nyerere alishitakiwa kwa kuwakashifu mabwana shauri wawili katika Sauti ya TANU, akatozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, akalipa.

Mtu angedhani kwamba waliokwisha kuonja kesi za namna hiyo, wakishika madaraka, wangeliziondosha sheria zilizozaa kesi hizo. Haikuwa hivyo. Sheria ya Magazeti ya 1976 ilimpa waziri uwezo wa kulifunga gazeti kwa kuona kwake tu kwamba maslahi ya umma yanataka hivyo, ikakaa miaka 40 mpaka ilipofutwa na sheria nyingine ya 2016, nayo haikukosa kulalamikiwa, hata Mahakama ya Afrika Mashariki ikaamua mwaka 2019 kwamba baadhi ya vifungu vyake vinakiuka mkataba wa Jumuiya. Katika uhai wa ile ya 1976, mnamo Septemba 2013, gazeti la Mwananchi lilifungiwa siku 14. Na miongoni mwa makosa liliyohesabiwa ni kuchapa viwango vipya vya mishahara ya serikali. Fiah, aliyeandika juu ya mishahara ya makarani miaka mingi kabla ya uhuru, asingalistaajabu.

Natoa rai kwa wazee wetu wa Kariakoo, wa Ilala na kwingineko: aliyerithi sanduku lenye nakala za Kwetu asikubali zifungiwe maandazi. Azipeleke Nyaraka za Taifa, au maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wapate kuzisoma wanaojifunza leo kazi ya uandishi.