Nani Anastahili Mbwa?

Fomu ilikuwa na kurasa nne. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mteremko: jina, simu, kazi. Hapo kwa kazi niliandika "mwandishi", nikafikiria kidogo, nikaongeza "wa kujitegemea", ambayo ni njia ya heshima ya kusema mwezi huu nimelipwa, mwezi ujao tutaona. Ukurasa wa pili ndio uliniweza. Nyumba ni yako au umepanga? Kama umepanga, leta barua ya mwenye nyumba. Ua una urefu gani? Mbwa unamtakia nini? Uko tayari ahasiwe? Ukifa, nani atamtunza?

Ukifa! Mimi nina miaka 26.

Naishi bedsita, orofa ya tatu, Kahawa West. Ua wangu ni kamba ya kuanika nguo. Makao yenyewe siyataji kwa sababu sina kesi nao. Walinipokea kwa adabu na wakanikataa kwa adabu. Mbwa niliyemtaka, wa rangi ya udongo na sikio moja lililokatika ncha, alinisindikiza kwa macho mpaka getini. Kwa matatu nikawa nimechemka. Mtaani kwetu mbwa hupatikana bure: wa jirani amezaa, unabeba mmoja kwa katoni, kwisha. Hawa nao wananihoji kama naomba viza ya Uingereza?

Nilipofika kwa keja nikaanza kusoma. Kumbe sikuwa mbali na ukweli. Baadhi ya maswali yalianzia hukohuko Uingereza, na karibu kila moja lina mbwa aliyekufa nyuma yake.

Tuanze London, mwaka 1860. Mwanamke anayeitwa Mary Tealby alifungua makao ya mbwa waliopotea katika eneo la Holloway. Wakati huo Uingereza ilikuwa tayari na chama cha kupinga ukatili kwa wanyama, kilichoanzishwa mwaka 1824, lakini hakuna aliyekuwa amefikiria kumpa mbwa wa barabarani mahali pa kulala. Gazeti la The Times lilimcheka. Watoto wanalala nje London hii, na wewe unawajengea mbwa? Swali hilo unalijua, kwa sababu hata leo ukisema unataka kuchukua mbwa kwenye makao, lazima kuna mjomba atakuuliza. Tealby alifariki mwaka 1865, na mwaka 1871 makao yakahamia Battersea, ambako yapo mpaka leo. Paka walianza kupokelewa mwaka 1883.

Kuwapokea mbwa ilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kuamua nani aondoke nao. Huo ndio wakati ambapo madaktari na wanafunzi wao walikuwa wakiwapasua wanyama wakiwa hai ili wajifunze mwili unavyofanya kazi, na mbwa wa bei rahisi alikuwa malighafi. Battersea ikakataa kuwauzia. Ukiweka kanuni kama hiyo, huna budi kumuuliza kila anayekuja: wewe ni nani, na huyu mbwa ni wa nini?

Usidhani hofu hiyo iliisha na karne ile. Mwaka 1965 huko Pennsylvania, Marekani, mbwa wa familia moja aliyeitwa Pepper alitoweka nyumbani. Walipomfuatilia, walikuta ameshapitia mikononi mwa wafanyabiashara wa mbwa na kufia katika maabara ya hospitali moja New York. Mwaka uliofuata, jarida la Life lilichapisha picha za mbwa waliokonda kwa mfanyabiashara wa aina hiyo, wananchi wakawaka, na mwezi wa Agosti 1966 Rais Lyndon Johnson akatia saini sheria ya kulinda wanyama wa maabara. Kwa hivyo yule dada aliponiuliza "unamtakia nini?", hakuwa ananidharau.

Swali la kuhasi nalo? Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Wahenga hawakuona New York ya miaka ya 1870. Mbwa waliokamatwa barabarani walijazwa kwenye kizimba cha chuma, kizimba kikanyanyuliwa kwa winchi na kushushwa mtoni, East River, pwani ikiwa palepale mbele ya macho yao. Kufikia karne ya ishirini njia zilibadilika, lakini hesabu ilikuwa ileile: watoto wa mbwa wanaozaliwa ni wengi kuliko nyumba zinazowataka, na wanaobaki wanauawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, jiji la Los Angeles likafungua kliniki ya kuhasi kwa bei nafuu, na polepole kuhasi kukawa sharti la kawaida la makao mengi duniani. Katoni ya jirani yangu inaonekana bure kwa sababu hatuhesabu wale ndugu zake waliokosa katoni.

Na lile la kifo? Hilo lina jina: Sido. Mwaka 1979, mwanamke mmoja wa San Francisco alifariki na kuacha wosia kwamba mbwa wake auawe, maana aliogopa hakuna atakayemtunza vizuri. Richard Avanzino, aliyekuwa akiongoza chama cha wanyama cha jiji hilo, alikataa kumtoa. Kesi ikaenda mahakamani, na mwaka 1980 jimbo likatunga sheria ya kumwokoa. Sido akaishi. Sasa soma tena swali lililonikasirisha.

Basi nikabaki na swali moja tu lisilo na mbwa nyuma yake, au labda mbwa wake ni wa hapa kwetu: ua.

Chama cha kutetea wanyama cha Afrika Mashariki kilianzishwa mwaka 1910, na ndicho baadaye kikawa KSPCA, chenye makao pale Lang'ata Road. Walowezi walikuja na wazo la Uingereza kama walivyokuja na chai ya saa kumi. Miaka miwili baadaye, 1912, kichaa cha mbwa kikaripotiwa kwa mara ya kwanza nchini, kwa mbwa wa viunga vya Nairobi. Kuanzia hapo mbwa anayerandaranda akawa adui, na adhabu yake risasi au sumu. Siwezi kusema hofu hiyo ilikuwa ya bure. Ugonjwa huo bado unaua Wakenya, wakiwemo watoto, na serikali imejiwekea mpango wa kuumaliza kufikia 2030.

Lakini tazama jiji lilivyojengwa. Upande mmoja Muthaiga na Karen, nyumba katikati ya ekari za nyasi, na mbwa wa kuzilinda. Ulinzi dhidi ya nani? Dhidi ya babu zetu. Ndiyo maana katika riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, A Grain of Wheat, ya mwaka 1967, mbwa wa mzungu anapokatwakatwa kwa panga, msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa kuna nini hapo. Upande wa pili, Mashariki mwa jiji, Mwafrika alijengewa chumba cha mwanaume mmoja, mfanyakazi anayetarajiwa kurudi kijijini mkataba ukiisha. Mke hakupangiwa nafasi humo, sembuse mbwa. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kitu pekee kilichoning'inia shingoni katika chumba hicho kilikuwa kipande.

Uhuru ulikuja, geti likabaki na kibao chake cha "Mbwa Kali", na vyumba vikaongezeka orofa. Sasa makao yakiuliza urefu wa ua, yanauliza jambo la maana: mbwa asigongwe na gari, asing'ate mtoto wa wenyewe. Ila katika Nairobi swali hilohilo linauliza pia ulizaliwa upande gani wa jiji. Na ua haupimi utu. Sote tunajua lile boma lenye ukuta wa futi nane na nyaya za umeme, ambapo mbwa hufungiwa kwenye kibanda kutoka alfajiri mpaka usiku, hajui mkono wa mtu isipokuwa ule unaomrushia ugali. Kwenye fomu, boma hilo linapita. Mimi ninayeshinda nyumbani nikiandika, ninayeweza kumtembeza asubuhi na jioni, naanguka.

Kwa hivyo ningekuwa mimi, maswali yote ningeyaacha, nibadilishe hilo moja. Badala ya urefu wa ua: kwa siku, mbwa atakuwa na mtu kwa saa ngapi?

Barua nilijaribu. Mwenye nyumba alisoma ujumbe wangu na kunijibu kwa maneno matatu: "Mbwa? Hapa? Apana."

Wiki iliyopita mbwa wa jirani alizaa, watoto sita. Nilimshawishi mwenyewe tuchange tumpeleke mama yake akahasiwe watoto wakishaacha kunyonya, na tumekubaliana. Jana akaja kijana mmoja na katoni yake kuweka oda mapema. Kabla sijajizuia nikamuuliza anaishi wapi, mama yake anajua, chanjo atalipa nani, na shule ikifunguliwa mbwa atabaki na nani.

Aliniangalia kama nilivyomwangalia yule dada wa fomu. Halafu akaketi kwenye ngazi, akaanza kunijibu.