Mkono wa Kulia, Shilingi 16: Historia ya Mafao ya Ulemavu Uingereza

Askari wa Uingereza aliyerudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia bila mkono wa kulia, ukiwa umekatwa kuanzia begani, alipangiwa pensheni ya shilingi 16 kwa wiki. Mwenzake aliyepoteza mkono wa kushoto alipata shilingi moja pungufu. Mkono ukiwa umekatwa juu ya kiwiko, malipo yalishuka. Ukiwa umekatwa chini ya kiwiko, yalishuka tena. Makarani wa pensheni walikuwa na jedwali zima la namna hiyo na walilifuata kwa uaminifu. Jedwali halikuuliza kama mwenye mkono huo alikuwa seremala au mwalimu. Liliuliza tu kisu cha daktari kilipita wapi.

Naanza na jedwali hilo kwa sababu karne moja baadaye bado linaishi. Shilingi zimegeuka kuwa alama, na makarani wamegeuka kuwa wakaguzi wenye kompyuta, lakini desturi ya kuukata mwili vipande na kukitia kila kipande bei haijaondoka. Ukiifuatilia historia ya mafao ya watu wenye ulemavu nchini Uingereza, utaona kwamba mageuzi yaliyoinua maisha ya watu yalianzishwa na wenye ulemavu wenyewe au na watu waliokulia nyumba moja nao. Yaliyoanzia kwenye daftari la hazina, mara nyingi yaliishia kwenye malalamiko, mahakama na aibu.

Herufi begani

Sheria ya Maskini ya 1601, mwishoni mwa utawala wa Malkia Elizabeth I, iliikabidhi kila parokia mzigo wa kuwatunza wasiojiweza. Neno hilo nasi tunalo, na tumelitumia kwa miaka mingi bila kujiuliza linasema nini juu ya mtu. Mwaka 1697 ikaongezwa amri kwamba anayepokea msaada wa parokia ashonewe kwenye bega la kulia herufi P, pamoja na herufi ya kwanza ya jina la parokia yake, kwa kitambaa chekundu au cha buluu. Alama hiyo ilifutwa kisheria mwaka 1810, baada ya zaidi ya miaka mia moja ya watu kutembea na umaskini wao umeandikwa nguoni.

Sheria mpya ya 1834 ilipunguza misaada ya majumbani na kuwasukuma wahitaji kwenye nyumba za kazi, ambako mume alitenganishwa na mkewe na wazazi na watoto wao. Maisha ya humo yalipangwa kwa makusudi yawe mabaya kuliko ya kibarua maskini kabisa wa nje, ili mtu asiombe msaada mpaka ashindwe kabisa. Walengwa wa ukali huo walikuwa wenye nguvu wasiofanya kazi, lakini waliojaza vyumba vile miaka ilivyosonga walikuwa wazee, wagonjwa, wasioona na wasioweza kutembea.

Wasioona waingia London kwa miguu

Mwaka 1899 wafanyakazi wasioona waliunda chama chao cha kutetea haki, Ligi ya Taifa ya Wasioona. Wengi wao walifanya kazi kwenye karakana za mashirika ya hisani, wakisuka vikapu, wakitengeneza brashi na mikeka kwa ujira usiotosha chakula na pango. Watu wa nje waliziona karakana hizo kuwa wema. Waliokaa ndani yake walijua saa walizofanya kazi na walichopewa mwisho wa wiki.

Tarehe 5 Aprili 1920, Jumatatu ya Pasaka, makundi ya wanachama wa ligi hiyo yaliondoka Newport kule Wales, Leeds na Manchester, yakielekea London kwa miguu. Kutoka Leeds ni kiasi cha kilomita 300. Walikuwa wanaume 171. Bango lao lilidai haki, si sadaka. Tarehe 25 Aprili waliingia uwanja wa Trafalgar, ambako umati mkubwa ulikuwa ukiwasubiri.

Sisi tuliolelewa tukifundishwa kwamba sadaka humpa mtoaji thawabu, tunaweza kuelewa uzito wa bango hilo. Anayepokea sadaka hutakiwa kushukuru. Anayedai haki hutakiwa kusikilizwa. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Wasioona, ambayo iliwashushia umri wa kupata pensheni kutoka miaka 70 hadi 50 na kuzipa serikali za mitaa wajibu wa kushughulikia ustawi wao. Haikuwapa yote waliyotaka, lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa watu wenye ulemavu nchini humo kutembea kwenda kudai sheria na sheria ikapatikana.

Bima ya wote, isipokuwa wengine

Vita vya Pili vilileta mpango mkubwa zaidi. Ripoti ya William Beveridge ya mwaka 1942 ilipendekeza bima ya taifa: kila mfanyakazi achangie, na akiugua, akiumia kazini au akizeeka, alipwe. Mwaka 1944 ikaja sheria ya ajira iliyomtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya wenye ulemavu. Msomaji wa Tanzania atazitambua namba hizo. Sheria yetu ya 1982 ilitaka asilimia 2 kwa mwajiri wa watu 50 au zaidi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 ikaweka asilimia 3 kwa mwajiri wa watu 20 au zaidi, namba zilezile za 1944. Kule Uingereza waajiri waliofikishwa mahakamani kwa kuikiuka walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, na mwaka 1995 Bunge liliifuta kanuni hiyo. Tunapojivunia asilimia 3 yetu, tukumbuke kilichoipata ile ya wenzetu: ilikosa wa kuisimamia.

Mpango wa Beveridge ulikuwa na tundu kubwa. Alipwe aliyechangia, na asiyewahi kuchangia je? Aliyezaliwa na ulemavu akawa hajawahi kuajiriwa, na mama wa nyumbani aliyeugua, hawakuwa na stempu za kuonyesha kwamba wamechangia bima. Waliambulia msaada wa taifa, uliotolewa baada ya mtu kupekuliwa mapato yake.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Waliokilalia walikuwa akina mama wawili, Megan du Boisson na Berit Moore, wote wenye ugonjwa unaoharibu mishipa ya fahamu. Mwaka 1965 waliandika barua kwenye gazeti la Guardian wakieleza kwamba mke anapougua, familia inampoteza mpishi, mfuaji na mlezi, lakini serikali inahesabu kwamba hakuna kilichopotea kwa kuwa hakuwa na mshahara. Barua zikamiminika kutoka kila pembe ya nchi, na kutokana nazo kikazaliwa chama cha kudai kipato kwa watu wenye ulemavu. Du Boisson alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1969. Hakuyaona matunda.

Matunda yalikuja haraka baada yake. Mwaka 1970 mbunge wa Manchester, Alf Morris, ambaye baba yake alirudi na ulemavu kutoka vita vya 1914–1918, alifanikisha Sheria ya Wagonjwa wa Muda Mrefu na Watu Wenye Ulemavu. Mwaka 1974 akawa waziri wa kwanza wa nchi hiyo mwenye dhamana yao. Mwaka 1971 ilianza posho ya matunzo kwa anayehitaji kuangaliwa usiku na mchana. Mwaka 1975 ilianza pensheni kwa wasiowahi kuchangia bima, na 1976 posho ya usafiri na posho ya mlezi.

Lakini wake za watu walibaki nyuma hata hapo. Mwanamke aliyeolewa, au aliyeishi na mwanamume kama mke, hakuingizwa kwenye pensheni ile ya 1975. Alipofunguliwa mlango mwaka 1977, aliwekewa sharti ambalo mwanamume hakuwekewa: athibitishe kwamba hawezi kazi ya mshahara, na pia kwamba hawezi kazi za kawaida za nyumbani. Aulizwe kama anaweza kupika, kufagia, kufua, kwenda sokoni. Akiweza kumenya viazi akiwa amekaa, hiyo ilikuwa hoja dhidi yake. Jikoni mwake mkawa chumba cha mtihani. Sharti hilo liliondolewa mwaka 1984.

Pesa au vizuizi?

Si kila mwenye ulemavu aliyeamini kwamba posho ndiyo jibu. Mwaka 1972 Paul Hunt, aliyekuwa ameishi miaka mingi kwenye makao ya kutunzia watu, aliandika barua nyingine kwa gazeti lilelile akiwaita wenzake wajipange. Aliyeungana naye alikuwa Vic Finkelstein, mzaliwa wa Johannesburg, mtumiaji wa kiti cha magurudumu, aliyefungwa na serikali ya makaburu na kuhamia Uingereza kama mkimbizi mwaka 1968. Finkelstein alikuwa ameona kwa macho yake nchi inayomzuia mtu mlangoni kwa sababu ya rangi yake. Alipofika London akiwa na kiti chake alikuta milango mingine.

Muungano wao ulisema jambo ambalo leo limeenea duniani: mwili unaweza kuwa na kasoro, lakini kinachomfanya mtu awe mlemavu ni jamii iliyojenga ngazi, mabasi na ofisi bila kumfikiria. Waliwaonya wenzao kwamba ukidai kipato peke yake, unaikubalia serikali ikukague daima kuona kama kweli huwezi, na kadiri unavyoonyesha udhaifu ndivyo unavyolipwa. Wengine walijibu kwamba mtu mwenye njaa hawezi kungoja ngazi zote zibomolewe. Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na haki. Ila onyo la kwanza ndilo lililotimia.

Kutoka posho hadi alama

Katika miaka ya 1980 migodi ya makaa ya mawe na viwanda vilifungwa kwa wingi. Wachimbaji wenye mapafu na migongo iliyochakaa hawakupata kazi nyingine, na idadi ya waliolipwa mafao ya kutoweza kazi ilizidi mara mbili kati ya 1979 na katikati ya miaka ya 1990. Serikali zilizofuata zilizitazama takwimu hizo kama tatizo la watu wasiopenda kazi. Mwaka 1995 masharti yalikazwa. Mwaka 2008 ukaja ukaguzi mpya wa uwezo wa kufanya kazi, ukiendeshwa na kampuni binafsi kwa mkataba. Mwaka 2013 posho ya 1992, iliyounganisha matunzo na usafiri, ikaanza kubadilishwa na malipo yanayojulikana kama PIP, na serikali ilisema wazi kwamba ilitarajia kuokoa fedha.

PIP hutolewa kwa alama: 8 kwa kiwango cha kawaida, 12 kwa kiwango cha juu. Chukua mama mwenye ugonjwa wa viungo. Anapika mwenyewe, lakini kwa vyombo maalumu: alama 2. Anaoga mwenyewe kuanzia kiunoni kwenda juu, miguu anaogeshwa: alama 2. Blauzi anavaa mwenyewe, suruali na soksi anavalishwa: alama 2. Chooni anashika chuma cha ukutani: alama 2. Jumla 8, anapita. Kama angehitaji kuvalishwa blauzi badala ya suruali, hapo angepata alama 4. Mkono wa kulia na wa kushoto umerudi, safari hii ni juu na chini ya kiuno.

Kwa usafiri, mita 50 zilizokuwa zikitumika kama kigezo cha umbali ambao mtu anaweza kutembea zilipunguzwa hadi 20, kiasi cha urefu wa mabasi mawili ya London. Anayeweza kuzidi hapo bila shida alihesabiwa kuwa hastahili kiwango cha juu, na maelfu walilazimika kurudisha magari waliyokuwa wakikodi kwa posho yao. Waliokata rufaa walishinda kwa wingi. Kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya rufaa za PIP zilizosikilizwa ziliamuliwa kwa faida ya mwombaji. Mwaka 2016 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za watu wenye ulemavu ilihitimisha kwamba mageuzi haya yalisababisha ukiukaji mkubwa au wa kimfumo wa haki hizo. Serikali iliikataa ripoti.

Mwaka huohuo wa 2016 serikali ilitaka kupunguza alama zinazotolewa kwa vifaa vya kujisaidia, na waziri mhusika, Iain Duncan Smith, alijiuzulu akiupinga mpango huo, ukaachwa. Machi 2025 chama kingine kikiwa madarakani, wazo lilirudi kwa vazi jipya: kwa malipo ya maisha ya kila siku, mwombaji awe na angalau alama 4 katika shughuli moja. Yule mama wa alama mbili-mbili angepoteza yote. Zaidi ya wabunge 120 wa chama tawala waliweka saini kupinga, na tarehe 1 Julai 2025, mjadala ukiendelea bungeni, serikali ilikiondoa kifungu hicho. Punguzo jingine lilipita: nyongeza ya afya wanayolipwa wasioweza kazi, kwa wengi wa waombaji wapya kuanzia Aprili 2026 ilishushwa kutoka pauni 97 hivi kwa wiki hadi pauni 50. Mapitio ya PIP alikabidhiwa waziri Stephen Timms, kwa ahadi kwamba watu wenye ulemavu watashiriki kuyaandaa.

Ahadi hiyo ndiyo ninayoitazama. Wale 171 wa 1920 hawakutembea ili waongezewe shilingi kwenye jedwali la mtu mwingine. Walitaka wawepo linapoandikwa. Nasi huku, halmashauri zinapogawa asilimia 2 ya mapato yao ya ndani kama mikopo ya watu wenye ulemavu, au Kenya inapoamua ni kaya gani ipelekewe fedha kwa sababu ya mwenye ulemavu mkubwa aliyemo, kuna fomu inayojazwa kwanza. Ikifika mezani kwako kwenye ofisi ya kata, kabla ya kusoma swali la kwanza, uliza ni nani aliyeyatunga maswali, na kama miongoni mwao alikuwapo hata mmoja ambaye angelazimika kuyajibu.