Ulinzi wa Nyumba za Ibada: Dhima ya Mtawala na Dhima ya Waumini

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad.

Ndugu msomaji, suala la ulinzi misikitini si geni. Sayyidna Umar (R.A.) alichomwa jambia akiswalisha Alfajiri mjini Madina, mwaka 23 Hijria (644). Sayyidna Ali (R.A.) alipigwa upanga Kufa, mwaka 40 Hijria (661). Ibn Khaldun ameeleza kuwa Muawiya, baada ya kushambuliwa na Khawarij, ndiye aliyeanzisha maksura, uzio wa kumkinga mtawala anaposwali.

Tuzingatie: uzio ule ulimkinga mtawala. Je, wa safu za nyuma nani awakinge?

Jibu ni amana ya dola kwa raia wote. Suratul Hajj, aya ya 40, imetaja nyumba za watawa, makanisa, masinagogi na misikiti kwa pamoja. Na Sayyidna Umar aliwapa watu wa Baytul Maqdis amani ya nafsi, mali na makanisa yao.

Kwetu Dar es Salaam tumeonja pande zote mbili. Mwembechai, Februari 13, 1998, polisi walitumia nguvu dhidi ya waumini, na watu wakauawa kwa risasi. Mbagala, Oktoba 12, 2012, makanisa yalishambuliwa na kuchomwa moto. Mwaka uliofuata, Mei 5, bomu lilirushwa kanisani Olasiti, Arusha, likaua. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 125, inamtia hatiani anayeharibu mahali pa ibada, awe nani. Na Katiba, ibara ya 19, inaziweka shughuli za kuendesha jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Basi askari ana haki ya kulinda mlango, hana haki ya kuongoza mimbari.

Hapa Mbezi Luis, tangu kituo kikuu cha mabasi kifunguliwe mwaka 2021, wasafiri ni wengi, na msafiri ana haki ya kuswali bila kuhojiwa kama mhalifu. Tunaona kamati za misikiti zijuane na polisi kata na majirani Wakristo kabla ya msiba, si baada yake. Anayeomba askari mlangoni kwake asisimame na kiberiti mlangoni kwa jirani.

Wallahu a'lam.