Wimbo wa Kujenga

Usukumani, Shinyanga ikiwemo, vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu vilishindana na kukejeliana kwa nyimbo miaka mingi kabla ya rapu kutufikia. Aliyevuta watu wengi ndiye aliyeshinda. Nani angeuliza kama kejeli ile inajenga?

Machi 2017, Nay wa Mitego alikamatwa na polisi kwa wimbo wake “Wapo”, nalo Baraza la Sanaa la Taifa likaufungia. Mara Rais Magufuli, mwana wa Chato, akaagiza aachiwe na wimbo upigwe, akashauri waongezwemo wakwepa kodi. Maneno yalikuwa yale yale! Kwangu, wimbo usemao kweli hujenga hata ukiudhi. Ila ushauri ule wa kuongeza, ingawa ulitolewa kwa wema, bado unanitatiza.