Usimcheke Fundi wa Friji

Niliposema nasomea ufundi wa friji hapa Machakos, mjomba aliniuliza, "Kwani kozi zingine ziliisha?" Nilinyamaza. Leo namjibu, na historia iko upande wangu.

Tuanzie nyumbani. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikifikisha miaka saba ya uhuru, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza kabisa kuundwa kwa kazi moja tu: kutafuta eksirei angani. Wamarekani wakaipa jina letu, Uhuru. Iliorodhesha vyanzo 339, na vipimo vyake havikuhitaji baridi kali.

Lakini wasee wa sayansi hawakutosheka. Walitaka kupima nguvu ya kila eksirei moja moja, kwa kusoma kajoto kadogo inakoacha ikigonga kifaa. Sasa kifaa chenyewe kikiwa na joto, huskii kitu. Ni kama mtu akunong'oneze ndani ya matatu yenye ngoma. Kwa hivyo lazima kipozwe hadi karibu nyuzi 273 chini ya sifuri, pale baridi inapoishia.

Hapo ndipo maumivu yalianza. Julai 2005 Japani ilirusha Suzaku, ikisaidiana na Marekani. Hata mwezi haukuisha, heliamu yote ya kupoza ilikuwa imetoroka. Setilaiti ilibaki hai, lakini kile kifaa kikafa. Miaka ya kazi, kwisha. Mwaka 2016 wakarusha Hitomi. Safari hii baridi ilikubali, lakini setilaiti yenyewe ikapoteza mwelekeo na kuvunjika baada ya wiki chache. Hawakuacha. Septemba 2023 XRISM ikapaa. Ina heliamu, na pia ina mashine za kupoza zilizoundwa ziweze kuendelea hata heliamu ikiisha.

Mashine hizo zinafanya nini? Zinabana gesi, kisha zinaiacha itanuke ibebe joto. Friji ya soda pale dukani nayo inabana na kuachia hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba huko juu ikikwama, hakuna fundi wa kupigiwa simu.

Shuleni tuliimbiwa Uhuru ya 1963. Ile ya 1970 hatukuambiwa, na bado tunaambiwa friji ni kazi ya waliofeli.

Mjomba, yako ikikataa Desemba hii, namba yangu unayo.