Kipini na Ozi: Jamii iliyolelewa na Mto Tana, sasa yabanwa na chumvi

MSAFIRI anayetoka Malindi akielekea kaskazini hukuta njia panda afikapo Minjila. Upande mmoja ni barabara ya Garsen, Hola na Garissa. Upande wa pili ni ile inayopita Idsowe na Gamba hadi Witu na Lamu. Wengi huvuka Mto Tana karibu na hapo bila kujua kwamba maji hayo huishia Kipini, katika ghuba ya Ungwana, na kwamba hadi katikati ya karne ya 19 Tana haukuwa ukitokea hapo.

Kipini ni mji mdogo wa Waswahili, Wabajuni na Wapokomo ulio ukingoni mwa bahari, kusini mwa Witu. Juu kidogo, ukifuata mto kwa mtumbwi, viko vijiji vya Kau na Ozi. Kwa upande mmoja watu hawa wana bahari, kwa upande mwingine wana mto, na katikati kuna mikoko na matope. Kwa hivyo huishi kama watu wa kisiwani ingawa wako bara.

Makazi ya hapa ni ya kale. Magofu ya Ungwana, yenye misikiti na makaburi ya mawe, yalichimbuliwa na mtaalamu wa mambo ya kale, James Kirkman, katika miaka ya 1950. Utafiti uliofuata, hasa wa Mkenya George Abungu, ulionyesha kuwa miji hiyo ya pwani ilifanya biashara na wakazi wa bonde la Tana kwa karne nyingi. Hapa pia ndipo panapotajwa katika visa vya shujaa Fumo Liongo, na wenyeji wangali wakionyesha mahali wanaposema ndipo alipozikwa.

Mabadiliko makubwa yalikuja wakati wa Sultani Ahmed bin Fumo Luti, maarufu kama Simba, wa ukoo wa Nabahani wa Pate. Baada ya kushindwa katika ugomvi na watawala wa Zanzibar alihamia bara na hatimaye kuweka makao yake Witu. Nyakati hizo Tana ulikuwa ukiingia baharini kusini zaidi, mahali penye mawimbi makali na mchanga uliowatisha manahodha. Mto Ozi, uliopita Kau hadi Kipini, ulikuwa na mdomo ulio salama zaidi lakini maji yake yalikuwa machache. Simba akaamuru uchimbwe mfereji wa kuiunganisha mito hiyo miwili, ili mitumbwi ya Wapokomo ilete mpunga na mahindi hadi Kau, na kutoka huko mazao yapelekwe Lamu. Mfereji huo uliitwa Belezoni.

Ulikuwa mwembamba, kazi ya majembe na vikapu. Lakini mto hauulizi aliyechimba alitaka nini. Mwishoni mwa karne hiyo mafuriko yaliupanua, maji ya Tana yakaifuata njia mpya, na Kipini ikawa mlango wa mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, wenye urefu wa takriban kilomita 1,000.

Siasa za dola kubwa nazo hazikuchelewa. Mwaka 1885 Witu iliwekwa chini ya ulinzi wa Ujerumani kwa juhudi za ndugu wawili wa ukoo wa Denhardt. Kwa mkataba wa Julai 1890 Wajerumani waliikabidhi kwa Uingereza, na Oktoba mwaka huohuo majeshi ya Uingereza yaliuteketeza mji wa Witu baada ya kuuawa kwa Wajerumani kadhaa huko.

Kilichodumu kuliko masultani ni kilimo cha Ozi, ambacho kinastahili kuelezwa kwa utulivu kwa sababu si cha kawaida katika nchi hii. Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji baridi. Bahari inapojaa, hasa wakati wa bamvua, huingia mtoni kwa chini na kuyainua maji baridi yaliyo juu. Wakulima hufungua mifereji midogo ukingoni, maji baridi yakaingia kwenye majaruba ya mpunga, kisha huizibia kwa udongo kabla maji hayajapwa. Hakuna pampu wala mafuta. Mwezi ndio unaopanga zamu ya kumwagilia.

Mpango huo una sharti moja tu: mto uwe na nguvu ya kutosha kuizuia bahari. Tangu bwawa la Kindaruma lilipokamilika mwaka 1968, kisha Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, sehemu ya maji na tope ambayo zamani ilishuka hadi deltani imekuwa ikizuiwa huko juu kwa ajili ya umeme. Mwaka 2022 lilizinduliwa pia bwawa la Thiba, kwa ajili ya mpunga wa Mwea. Huko Ozi chumvi imepanda mtoni, na migomba na mpunga katika mashamba yaliyokuwa na rutuba imenyauka.

Uvuvi nao haukusalimika. Maziwa kama Shakababo na Bilisa, yenye perege, kambare na kamongo, hujazwa na mafuriko; yasipofika, hupungua. Hata kamba wa ghuba ya Ungwana hutegemea rutuba iletwayo na mto. Hao ndio waliozua mgogoro wa miaka mingi kati ya wavuvi wa Kipini na meli za kukokota nyavu, zilizoshutumiwa kwa kuvua karibu mno na ufuo na kuharibu nyavu za wanyonge. Meli hizo zilisimamishwa mwaka 2006, zikarejea mwaka 2011 chini ya masharti mapya.

Maji yakipungua, wanaoyategemea husongamana. Waorma na Wardei huteremsha ng'ombe deltani wakati wa kiangazi kwa kupitia malka, yaani njia za mifugo za kwenda mtoni, ambazo baadhi hukatiza mashamba ya Wapokomo. Mapigano yalizuka mwaka 2001, na yale ya Agosti 2012 hadi Januari 2013 yaliua zaidi ya watu 100, wakiwemo wa Riketa na Kilelengwani. Si haki kuyaita ya kikabila na kuishia hapo. Miaka minne kabla yake kulikuwa na mpango wa kulima miwa kwenye takriban hekta 20,000 za delta hiyo. Mradi haukutekelezwa, ila hofu ya kupokonywa ardhi ilibaki. Mwaka 2012 delta ilitambuliwa chini ya mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa.

Novemba 2023 mvua za El Niño ziliufurisha mto, barabara ya Lamu ikakatika eneo la Gamba, magari yakakwama pande zote mbili. Mashamba yalizama na familia zikahamia nyanda za juu. Hata hivyo, ni mafuriko ya namna hiyo yanayoosha chumvi katika majaruba ya Ozi.